Mkono wa kushoto ndio uliotuonyesha

Mdogo wangu ni fundi baiskeli hapa Busia, upande wa Uganda. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka 11, na kwa muda mrefu sisi nyumbani tulihesabu kuanguka tu. Asipoanguka, tulisema leo yuko salama. Kumbe kilikuwa kikimshika mara tatu, nne kwa wiki mbele ya macho yetu, na mimi namgombeza aache kuzubaa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Daktari mmoja kule Mbale ndiye aliyeniambia ninunue daftari niandike kila kitu kwa mfuatano: kipi kimetangulia, kipi kimefuata.

Kwanza ni tumbo. Anasema kitu kinapanda kutoka kitovuni hadi kooni, kama unateremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Halafu hofu, na harufu ya mpira unaoungua, hata Jumapili tukiwa nyumbani ambako hakuna anayeziba pancha. Kisha macho yanaganda. Nikimwita haitiki. Anatafunatafuna na mdomoni hamna kitu. Mkono wa kulia unapapasa vifungo vya shati, unavivuta kimoja kimoja. Wa kushoto umepinda kwenye kifundo, vidole vimekakamaa. Baada ya dakika moja na nusu hivi ananiuliza, "Dada, nilikuwa nasema nini?"

Daktari alisoma kurasa zile polepole, akarudi kwenye mkono wa kushoto. Akatueleza kwamba umeme wa ubongo unachafuka kwanza ndani, nyuma ya panja, kwenye hipokampasi na amigdala, sehemu zinazoshughulika na kumbukumbu na woga. Ukigusa insula, jirani yao, tumbo linapanda. Ukivuruga mawasiliano na sehemu za chini zinazotuweka macho, fahamu inapotea ingawa macho yako wazi. Na kwa kuwa upande mmoja wa ubongo huongoza mkono wa upande wa pili, kukakamaa kwa mkono wa kushoto kulimwelekeza kulia. Akaweka kidole kwenye panja la kulia la mdogo wangu: "Nadhani kinaanzia hapa." Kipimo cha umeme wa ubongo kilikuja kuonyesha hitilafu upande huohuo.

Kuanguka na kutupatupa mwili mzima hutokea umeme ukishasambaa pande zote mbili, na mara nyingi kwake haufiki huko. (Jirani bado anaficha vikombe vyake. Nimemwambia kifafa hakiambukizwi kwa mate, na nitamwambia tena.)

Sasa anameza kabamazepini asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja, na mistari ya daftari imepungua. Juzi niliandika mmoja tu: Jumanne, saa nne asubuhi, tumbo. Nilimsogezea kigoda, akakaa ameshika spana, nikamshika bega. Ikaishia hapo. Akauliza gurudumu la mteja liko wapi.