Mwani kwenye tangi jipya la maji chumvi Dodoma: chanzo kilikuwa maji ya kujazia

Tangi langu ni la lita 200, lipo Kisasa, na maji yake ya chumvi nachanganya mwenyewe nyumbani. Wiki ya tatu mchanga ulivaa unga wa kahawia. Ukiufuta kwa kidole unatoka kama poda, jioni umerudi. Hizo ni daiatomu, mwani wenye ganda la silika, na kwa tangi jipya si jambo la kutisha: silika iliyomo ikiisha, nazo hufifia zenyewe. Kwangu hazikufifia. Wiki ya nane zilikuwa zingalipo, na juu ya mawe kumeanza kuota nyuzi za kijani kama nywele.

Wengi wakifika hapo hukimbilia dawa. Mimi nakusihi kwanza upige hesabu ya maji unayojazia. Hewa ya Dodoma kiangazi ni kavu na upepo haukati. Tangi langu lina uso wa mita 1 kwa nusu mita, na lilikuwa linapoteza lita 3 kwa siku. Yanayopaa ni maji matupu. Kila kilichoyeyuka ndani yake, silika ikiwemo, kinabaki. Kwa mwezi nilikuwa nimejazia lita 90 za maji ya kisima cha uani. Kipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kilisoma 620, yaani miligramu 620 kwa lita, hivyo gramu karibu 56 za madini zilibaki tangini. Nikapima naitreti, ambayo ni chakula cha mwani, ya maji hayohayo kabla hayajagusa tangi: miligramu 20 kwa lita. Lita 90 za namna hiyo zinaongeza miligramu 9 kwa kila lita ya tangi, kila mwezi, hata kabla samaki hajalishwa punje moja. Na usiseme wewe unatumia ya bomba. Jiji nalo linategemea sana visima vya Mzakwe, na maji ya ardhini lazima upime.

Dawa ya hilo ni mashine ya RO, inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupita kwenye utando, yenye hatua nne: chujio la mashapo, mkaa, utando, na mwisho resini, punje zinazonasa madini yaliyobaki. Kosa linalofanyika sana ni kuiunganisha moja kwa moja na simtank. Utando unataka msukumo wa bar 3 hadi 4, na tangi lililo juu ya mnara wa mita 4 linakupa bar 0.4 tu. Maji yanadondoka kidogo kidogo na hayachujwi sawasawa. Nilipofunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo, TDS ilishuka hadi 15 baada ya utando na 0 baada ya resini. Kila lita safi inamwaga lita 3 hivi za maji yaliyozidi madini. Hayo peleka chooni na kwenye kudeki, bustani usiipe.

Resini ichunge sana. Ikianza kuchoka, silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuponyoka, na kipima TDS hakiioni vizuri. Ndiyo maana mimi nabadilisha resini mara tu kipimo kinapotoka 0 kwenda 1.

Mlango wa chakula cha mwani ukishafungwa, ndipo kazi ya mikono inaleta faida. Zima pampu ya mkondo. Shika mswaki mgumu, uzungushe kwenye nyuzi kama anayekunja tambi kwa uma, kisha vuta, huku mpira wa milimita 12 unanyonya maji pembeni ya mkono wako. Kipande kinachoponyoka kitaota kwingine. Maji yaliyonyonywa, kwangu lita 30 kwa wiki, rudisha mapya: gramu 36 hivi za chumvi ya akwaria kwa lita, halafu hakikisha kipima chumvi kinasoma 1.025. Chumvi ya jikoni haifai.

Jiwe lililozidiwa nililitoa nje, nikalipaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, nikasubiri dakika tatu, nikasuuza kwa maji ya tangi yaliyotolewa. Dukani soma lebo: ipo ya asilimia 6, hiyo changanya nusu kwa nusu na maji ya RO. Usipake jiwe lenye matumbawe hai au viumbe waliojificha.

Konokono aina ya Trochus waje baada ya kung'oa. Nyuzi ndefu hawazili, wanakwangua vishina. Kumi walitosha.

Taa saa nane kwa siku, dirisha lizibwe. Nunua taima yenye betri, kwani ya kawaida husimama umeme ukikatika, na saa zote za taa zinasogea. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, kichuje kwenye kichungio cha chai, mchuzi wake umwage, umejaa fosfeti, chakula kingine cha mwani.

Nilikosea sehemu moja kubwa. Niliweka chembe za oksidi ya chuma, zile za kunasa fosfeti, na nikaziweka nyingi kupita kiasi; fosfeti na naitreti zote zikasoma 0. Siku kumi baadaye kukatokea kamasi ya kahawia yenye viputo. Ilifanana na daiatomu, ila usiku ilipungua sana mchangani na taa zikiwaka ikarudi. Hizo ni dinoflajeleti, viumbe vidogo vya seli moja, na hustawi pale washindani wao wanapokufa njaa. Nilitoa zile chembe, nikazima taa siku tatu, nikaongeza chakula mpaka naitreti ikafika 5 na fosfeti 0.05. Mchanga sikuugusa, maji sikubadilisha kwa muda huo. Zilichukua wiki tano kuisha, na kwenye mawe yaliyokuwa na kamasi sasa kumeanza madoa ya mwani mgumu wa zambarau. Huo uache, usiukwangue.