Ninyi

Alhamisi, saa sita usiku, na bado nalitafuna neno la Jumanne. Neno moja tu. Nimelitafuna nikipiga mswaki, nimelitafuna kwenye foleni ya basi, na leo ofisini mpaka yule wa dirisha la pili (ndiyo, yule yule) akaniuliza kama jino linaniuma.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Mdogo wangu hatimaye amepata kazi, Mama ametolewa plasta ya mkono, na mimi nimehamishiwa kitengo cha malipo nilichokiombea tangu mwaka juzi. Yote hayo yalistahili kuandikwa kwa kirefu. Lakini nimekaa hapa kuandika habari za balbu.

Mnaokumbuka, mwaka jana niliandika kwa mbwembwe siku nguzo 12 za taa ziliposimamishwa mtaani kwetu. Nilisema sasa nitarudi nyumbani usiku bila kubana funguo katikati ya vidole. Basi taa hizo ziliwaka miezi saba. Ilianza kuzimika ile ya kona, ikafuata ya mbele ya jengo letu, kisha zikawa zinaagana moja moja. Leo zinazowaka ni mbili, na moja kati ya hizo huwaka mchana.

Jumanne ulikuwa mkutano wa bajeti wa mtaa, ule ambao jiji huwaita wakazi waseme vipaumbele vyao kabla madiwani hawajapitisha makadirio. Nilikwenda nimejiandaa. Picha zilikuwa kwenye simu, zimepangwa kwa tarehe. Nilivaa ile blauzi ya usaili. Bwana Jedwali, kama Shangazi anavyomwita ofisa wa bajeti, alianza kama kawaida yake na chimbuko la mikutano hii: Porto Alegre, Brazili, 1989, wakazi wakakaa kwenye mabaraza ya mitaa yao wakaamua wapi pavutiwe maji kwanza na barabara ipi itengenezwe. Tumeisikia mara tatu sasa. Wazee wa safu ya mbele wanaitaja Porto Alegre kama kwao kwa wakwe. Ambalo hajawahi kulisema, na mimi nimelikuta nikisoma mwenyewe, ni kwamba huko huko meya aliusimamisha utaratibu huo mwaka 2017. Nililiweka akiba, iwapo angenijibu vibaya.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, na nilisema vizuri, naomba hilo lieleweke:

“Ndugu ofisa, taa zilizowekwa mwaka jana haziwaki. Kwa nini?”

“Fedha za matengenezo hazikutengwa, dada.”

“Nani hakuzitenga?”

Akafunua makabrasha yake. Ukurasa, ukurasa mwingine, akarudi nyuma mmoja. Akainua macho.

“Ninyi.”

Kisha akamwita aliyefuata, mtu wa mtaro.

Ninyi. Angesema “wewe” ningejua la kufanya: ningewaka pale pale na ukumbi ungenishangilia. Angesema “sisi” ningemwona muungwana. Angesema “wao”, kama wanavyosema maofisa wote, ningeridhika kabisa, nikarudi nyumbani kuwalaani hao wao. Lakini “ninyi” inakusanya ukumbi mzima huku macho yakimtazama mtu mmoja, na aliyetazamwa ni mimi. Au alitazama saa ya ukutani nyuma yangu? Dada aliyekaa kando yangu anasema ni saa. Shangazi anasema ni mimi. Nimewauliza kila mmoja mara nne, na leo Dada amenikatia simu.

Na ile sauti. Haikuwa na dharau hata chembe, ndiyo maana siwezi kuisahau. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. Mimi nikabaki nimesimama na simu yangu mkononi, picha ya nguzo ya kona ikiwaangalia watu, mpaka mtu wa mtaro akaniomba kwa upole nikae ili aonekane. Jibu langu lilikuja Jumatano asubuhi nikiwa bafuni: “Sisi tulichagua taa, hatukuchagua giza!” Jibu zuri kweli. Lilichelewa saa kumi na tatu.

Jumatano hiyo usiku nikafungua kompyuta kutafuta silaha za mkutano ujao, nikaangukia habari za Detroit, kule Marekani. Jiji lile lilipokwenda mahakamani Julai 2013 kutangaza kufilisika, likidaiwa takriban dola bilioni 18, karibu asilimia 40 ya taa zake za barabarani zilikuwa haziwaki. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilichotaka ni kisa cha wakubwa waliowaacha watu wao gizani, nikakisome ukumbini kwa sauti. Tatizo langu ni kwamba huwa sijui kuacha kusoma mahali panaponifaa. Nikaendelea. Waliunda mamlaka ya taa peke yake, ikafunga taa mpya 65,000 na kumaliza Desemba 2016. Idadi hiyo ilikuwa chini ya ile ya zamani, na walipunguza kwa makusudi, wabaki na taa wanazoweza kuzitunza. Hata hivyo, kufikia 2019 maelfu ya hizo mpya zilikuwa zimeanza kufifia.

Walipunguza kwa makusudi. Hapo nikasita, kama mtu anayehisi ameacha jiko linawaka.

Nikatafuta muhtasari wa mkutano wetu wa mwaka jana. Jiji huuweka mtandaoni, mahali ambapo nadhani mimi ndiye mgeni wa kwanza. Ukurasa wa nne. Mkazi mmoja aliuliza nani atalipia umeme na balbu. Hakuandikwa jina, lakini ni Mzee wa chini, yule wa baiskeli. Hakuna mwingine mtaani anayesema “naomba kufahamishwa”. Akajibiwa kwamba nguzo zinatoka kwenye fedha za maendeleo, na umeme na balbu ni matumizi ya kawaida, kifungu kingine kabisa, ambacho mwaka huo kilikuwa kimeshajaa. Kwa hiyo ofisa akapendekeza wakazi wachukue nguzo nane, na fedha zitakazobaki zinunue mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu. Wakazi wakachagua nguzo 12. Hoja ikatolewa na fulani, ikaungwa mkono na fulani.

Fulani wa pili ni mimi. Jina la baba limekosewa herufi moja, na kwa sekunde mbili nzuri nilitumaini ni mtu mwingine.

Kisha kumbukumbu ikaja yote, pamoja na joto la ukumbi ule. Ilikuwa usiku, nilitaka kwenda kulala. Nguzo nane zingeishia kabla ya jengo letu. Mzee alikuwa amesimama, ameshika kofia yake, anauliza habari ya bili kwa mara ya pili, nami nikasema kwa sauti, bila hata kunyoosha mkono: “Balbu tutajua mbele kwa mbele, Mzee!” Watu wakacheka. Nilikipenda kile kicheko, nakumbuka, nilitembea nacho mpaka nyumbani. Mzee naye alicheka kidogo, akakaa.

Nilichofanya jana usiku baada ya kusoma hayo ni kucheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Fikirini: kutwa nzima naajiriwa kufuatilia bili zinazorudi kila mwezi. Mkuu wangu mpya amenieleza Jumatatu hii, kwa huruma kama anayemfundisha mtoto, kwamba kununua mashine ni siku moja na kuilipia ni miaka. Nikatikisa kichwa kama mjuzi. Ni kweli nguzo ikisimama diwani huja kukata utepe, na watu kama mimi huandika kurasa mbili za kuisifu. Balbu ikibadilishwa hakuna anayetoka nje kutazama. Hilo lingenipa nafuu kama si kile kicheko.

Halafu, nikiwa nimeshazima kompyuta, likanijia lingine. Kile alichokuwa akifunua Jumanne, ukurasa, ukurasa mwingine, akarudi nyuma mmoja, kilikuwa nini? Kama ni muhtasari huu, basi jina langu lilikuwa mbele ya macho yake pale nilipouliza kwa blauzi yangu ya usaili “nani hakuzitenga”. Alikuwa na “wewe” mkononi, na ukurasa wa kuionyesha. Akasema ninyi.

Amenisitiri. Siku mbili nimemtukana kijana wa watu kwa kunisitiri. Au hakuona jina, alikuwa anatafuta tu kifungu. Siwezi kumuuliza. Ningeanzaje?

Leo jioni nimemkuta Mzee ngazini, anapandisha baiskeli, tochi mdomoni. Nikashika gurudumu la nyuma.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Angalia hiyo ya nne, imemeguka.”

Nilikuwa na sentensi yangu tayari, niliyoitunga kwenye basi, yenye “mwaka jana” na “samahani” ndani yake. Akapita mlangoni kwake, hakusimama, akanimulikia mpaka ghorofa ya pili, akangoja nitafute funguo. “Umefika?” Nikasema nimefika. Tochi ikazima. Huenda hata hakumbuki. Huenda anakumbuka kila neno, ndiyo maana anatembea na tochi.

Kikao cha pili ni Jumanne ijayo. Nitaomba balbu, na nguzo hata moja isiongezwe. Nimeandika hoja kwa mistari mitatu, na nataka Mzee ndiye aitoe, mimi niunge mkono tu. Bado sijamwambia. Dada anasema nimwambie Jumapili, maana Jumapili huwa anaoshea baiskeli uani na ni rahisi kumsogelea.

Mama amepiga simu mara mbili leo kuuliza lini nitamrudishia sufuria yake kubwa. Nilimrudishia Jumapili. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, akaipokea kwa mkono mzima, akaniambia mbona nimeisugua sana. Mara ya kwanza nilimkumbusha, akasema aa, kweli. Mara ya pili, saa moja baadaye, nimesema nitaileta kesho.