Dira ya chuo kikuu isomwe ukiwa umesimama sokoni Mwanjelwa

Huu ni wakati mzuri wa vyuo vikuu vya umma kuzipitia upya dira zao. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 imefika mwisho, Dira 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Miaka Mitano unaishia mwaka wa fedha 2025/26. Kila mpango mkakati wa chuo lazima ushikamane na hizo. Sisi wa Mbeya jambo hili linatugusa, maana chuo cha pale Iyunga kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, 2005 kikawa taasisi, na 2012 kikapanda kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kila kilipopanda hadhi, swali la kuulizwa lilikuwa lilelile: kinalitumikia jiji hili kwa lipi?

Tuanze na maneno yenyewe, kwani huchanganywa mno. Dira ni pale chuo kinapotaka kufika, pamoja na mwaka wa kufika. Dhima ni kazi ya kila siku ya kukifikisha huko: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Dira isizidi maneno 25. Ikizidi hapo hakuna anayeikumbuka, kuanzia Baraza la Chuo mpaka getini.

Kuna kipimo kimoja chepesi. Chukua dira, futa jina la chuo, weka jina la chuo kingine cha Mwanza au Dodoma. Ikiwa sentensi bado inakaa sawa, basi haijasema kitu. "Kuwa kitovu cha umahiri kinachotambulika kimataifa katika elimu, utafiti na huduma bora" inafeli hapo hapo. Linganisha na hii: "Ifikapo 2035, maamuzi ya barabara, maji na ujenzi wa milimani jijini Mbeya yafanyike kwa vipimo vya chuo hiki, vilivyowekwa wazi kwa Kiswahili." Ni maneno 22. Na ubora wake ni kwamba inaweza kushindwa hadharani: 2035 ikifika, mwananchi yeyote anaweza kudai majibu. Neno "milimani" nimeliweka makusudi. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba za watu Itezi, na nyumba bado zinapanda milima jijini kwetu.

Kwa upande wa kilimo, Nyanda za Juu Kusini tunajua utafiti wenye faida unafananaje. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimetoa mbegu za maharage ambazo wakulima wanaziita kwa majina, Njano Uyole na Uyole 96. Mkulima hajui waliozifanyia utafiti ni akina nani, lakini matokeo yao yamo kwenye gunia lake. Sasa simama Mwanjelwa umuulize mtu: ni matokeo gani ya utafiti wa chuo kikuu ambayo wewe wa mjini unayajua kwa jina? Chuo cha umma cha utafiti kilicho mjini kinapaswa kuandika dira yake kwa ajili ya swali hilo.

Marekani walianza vilevile na mkulima. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ardhi ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Vingi vya vyuo vya umma vya mijini vilikuja baadaye, na vingine vilikuja na kidonda. Chicago, kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois iliyofunguliwa 1965 ilijengwa juu ya mtaa ambao wakazi wake walihamishwa, huku Florence Scala akiwaongoza wenzake kupinga. Mwaka 1993 chuo hicho kikatangaza mpango wa Great Cities, wa kuelekeza utafiti wake kwenye matatizo ya jiji. Chuo cha mjini kina majirani tangu siku ya kwanza, na majirani wana kumbukumbu.

Tushuke sasa mpaka Mbalizi, kwa sababu dhima huonekana vizuri kwenye tatizo moja kuliko kwenye kurasa 80 za mpango.

Mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma, umeua watu wengi, na sababu inayotajwa kila mara ni breki. Ukomo wa uzito wa lori ni tani 56. Lori la tani 56 likishuka mita 100 za kimo linaachia nishati ya megajuli 55 hivi. Hiyo inatosha kuchemsha lita 170 za maji ya baridi ya Mbeya. Kama dereva ameachia gia ili aokoe mafuta, au ameshuka kwa gia kubwa, injini haimsaidii kuzuia, na karibu joto lote hilo linaingia kwenye breki. Ngoma za breki zinatanuka na kuzikimbia pedi, na pedi zenyewe zikishaungua hazishiki tena. Dereva anakanyaga, hapati kitu. Mwingine anakuwa na upepo wa breki unaovuja tangu alikotoka na hajui.

Idara ya uhandisi mitambo inaweza kuanza muhula ujao. Hatua ya kwanza ni kibali cha maadili ya utafiti, kisha barua kwa Polisi wa Usalama Barabarani na TANROADS, wakala wa barabara kuu. Unachagua vituo viwili vya kusimamishia malori, kimoja juu kabla ya mteremko na kingine chini, pembeni kabisa mwa barabara. Kila lori lipimwe joto la ngoma za ekseli zote kwa kipimajoto cha mionzi kisichogusa chuma, na iandikwe ekseli ngapi, mzigo gani, gia ipi. Malori 200 ya kiangazi na mengine 200 ya masika yanatosha kuanzia. Kosa la kawaida ni kupima ekseli ya mbele tu kwa kuwa ndiyo rahisi kufikika. Inayokosa breki inaweza kuwa ya tela. Kosa lingine ni kupima chini peke yake, ukakosa pa kulinganishia. Na kwa kuwa upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi unabadilisha barabara yenyewe, vipimo vya kabla ya upanuzi haviwezi kupatikana tena baadaye.

Kazi ya namna hii ina ufundishaji, utafiti na huduma kwa jamii ndani ya mradi mmoja. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapima, wa uzamili anachambua, mhadhiri anaandika makala, na dereva anapata karatasi ya kurasa mbili kwa Kiswahili. Karatasi hiyo ndiyo inayosahaulika. Tasnifu hukaa maktaba kwa Kiingereza, wakati anayeshusha lori anasoma Kiswahili. Dhima iseme wazi kwamba hakuna mradi unaofungwa kabla muhtasari wa Kiswahili haujawafikia waliopimwa.

Dhima nyingi hufia kwenye kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mvua zetu zinaanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Fedha ya utafiti ikitoka Februari, na ununuzi wa vifaa ukapita hatua zote za NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, vifaa vinafika mvua zikielekea ukingoni. Aliyetaka kupima maporomoko au kupanda jaribio la shambani amekosa msimu mzima, na mwanafunzi wake wa uzamili amepoteza mwaka. Dawa yake ni ya kiofisi kabisa: mahitaji ya miradi ya msimu yaingizwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka mapema, zabuni zitangazwe Julai, na fungu la utafiti wa msimu liombewe robo ya kwanza. Kurugenzi ya Mipango ikishindwa kufanya hivyo, dira haitaokolewa na warsha.

Kuhusu majengo nitasema machache. Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umeleta maabara mpya kwenye vyuo vya umma, na ni jambo la kushukuru. Lakini mashine ya maabara huhitaji kuhakikiwa vipimo, vipuri na umeme usioyumba, kila mwaka, hata baada ya mradi kufungwa. Mpango mkakati usio na fungu la matengenezo unaandaa stoo.

Halafu kuna kupanda daraja. Mhadhiri anapimwa zaidi kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida. Akikaa miezi sita pembezoni mwa barabara ya Mbalizi, akawasaidia polisi kubadili utaratibu wa ukaguzi, kazi hiyo ina uzito mdogo sana kwenye faili lake. Chuo kikiandika "huduma kwa jamii" kwenye dhima halafu kisiipe alama za maana kwenye tathmini, walimu watafuata alama, na siwezi kuwalaumu. Seneti ina uwezo wa kupendekeza kwa Baraza: ripoti iliyotumiwa na halmashauri au TANROADS, ikiwa na barua ya kuthibitisha, ihesabiwe pamoja na makala.

Mwisho ni nani anayeitwa kutoa maoni. Kwa kawaida rasimu huandaliwa, wadau wanaitwa hotelini siku moja, kisha Seneti, kisha Baraza. Wanaofika ni wenye barua za mwaliko. Bora timu iende na maswali matatu, kabla rasimu haijaandikwa: sokoni Mwanjelwa, stendi ya Nane Nane, ofisi ya kata Itezi, na maegesho ya malori. Maswali yawe kwa Kiswahili, na panapokuwa na wazee, awepo wa kuwatafsiria kwa Kisafwa. Majibu yabandikwe yalivyo kwenye kiambatisho cha mpango, na Januari ya mwaka wa tatu timu irudi mahali palepale na maswali yaleyale.