Seli ya haidrojeni, wiki ya sita: utando umekula chumvi

Seli yangu hugeuza haidrojeni na oksijeni kuwa umeme, katikati ikiwa na utando wa plastiki. Bila mzigo, inasoma volti 0.91. Nikiifunga na rezista ya omu 1, inaporomoka hadi 0.2. Wiki nzima imekuwa hivyo.

Kwanza nililaumu mipira ya kuzibia. Niliikata kwenye shiti ya silikoni, na silikoni hupitisha gesi kuliko mipira mingi, tena huharibika taratibu ikibanwa na utando ambao wenyewe ni asidi. Nikashuka Mikindani kwa fundi pancha, akanipa bure tyubu ya gari iliyochanika. Tyubu nyingi ni mpira wa butili, na huo kwa kubana hewa hauna mpinzani mtaani. Nikakata fremu mbili, nikakaza boliti, nikapaka maji ya sabuni. Povu hata moja halikutoka. Volti? 0.2 ileile.

Kumbe mkosaji ni maji. Utando wangu ni Nafion 117, unene mikromita 183, na ukiwa mkavu haupitishi protoni (haidrojeni iliyovuliwa elektroni), kwa hiyo niliulowesha usiku kucha. Kwa maji ya kisima! Haya haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Plastiki hii ni ndugu wa Tefloni, ila imening'iniza vikundi vya asidi ya salfoniki, na protoni hupita humo. Sodiamu na kalsiamu za kisimani huzifukuza na kukalia viti vyao. Kalsiamu, kwa chaji zake mbili, hukalia viwili. Bila mzigo hakuna mkondo, kwa hiyo huoni kasoro, ndiyo maana ile 0.91 ilinizuga.

Bahati elektrodi nimezibana tu, sikuzigandisha, kwa hiyo utando ulitoka mzima. Dawa ni kuurudishia protoni kwa asidi: asidi ya betri kipimo kimoja, maji ya betri (yale ya kuongezea) vipimo tisa. Asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, na miwani usoni. Chupa ya kioo ndani ya sufuria, jiko la mkaa nje uani, nyuzi 80 kwa saa moja. Mama akapita akauliza ni supu ya nini. Halafu saa nyingine kwenye maji ya betri matupu.

Jana: volti 0.58 kwa rezista ileile, saa mbili bila kushuka.

Sasa vibao vya nje vinaanza kupinda katikati. Ni ubao wa polietilini wa kukatia mboga, nao Mama anautafuta.