Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa riwaya katika zama za kitabu pepe

Saa 10:45 alfajiri

Naamka kabla ya wenzangu wote nyumbani. Si kwa uchamungu wala kwa nidhamu ya kusifiwa, ni kwa kuwa saa hizi hakuna anayenitafuta. Kompyuta ya kuandikia nimeizimia intaneti, simu iko chumba kingine. Kuna sura ya riwaya mpya inanisumbua: mzee mmoja anakaribia kusema kweli katika kesi ya mirathi, na kila nikimfungua mdomo anatoa hotuba. Leo nimemnyang'anya maneno yote, nikamwacha avue miwani tu. Afadhali.

Watu huniuliza kama siku hizi naandika tofauti, maana wasomaji wangu wengi wanasoma kwenye simu, wamesimama foleni, kidole tayari kuhama. Aya nazifupisha kidogo, kwa sababu aya ya nusu ukurasa wa karatasi inageuka ukuta kwenye kioo cha simu. Lakini ule mtindo wa kukatisha sura roho ikiwa juu hatukuletewa na simu. Charles Dickens alianza kutoa riwaya yake ya kwanza kwa vipande vya kila mwezi mwaka 1836, na wasomaji wakavumilia mwezi mzima kujua kilichofuata. Tofauti ni kwamba lawama zake zilisafiri kwa barua. Zangu zinafika kabla sijalala.

Saa 2:10 asubuhi

Nawasha intaneti. Mwandishi anaondoka kwenye kiti, anakaa karani.

Kwanza natazama takwimu za mauzo, na natazama mara hii moja tu. Zamani taarifa ya mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, ililetwa kwa posta mara mbili kwa mwaka, karatasi moja, unaguna, unaiweka kwenye droo. Sasa kuna mchoro unaopanda na kushuka kila siku, na ukiuendekeza utaandika kwa kuufurahisha mchoro. Tena hauhesabu vitabu pekee. Tangu Julai 2015, huduma ya Kindle Unlimited ya Amazon, duka la mtandaoni, ambamo msomaji hulipa ada ya mwezi na kusoma atakacho, humlipa mwandishi kwa kurasa zilizosomwa. Kwa hiyo naona kurasa bila kumwona mtu. Zikipungua, sijui kama wamechoshwa nami au kesho yake ilikuwa mitihani.

Halafu ujumbe. Riwaya nyingine, hii ninayoifunga leo, imekuwa ikitoka kwa vipande mtandaoni, sura baada ya sura, na kipande cha mwisho kimetoka jana. Mmoja wa wasomaji walioifuata tangu mwanzo ameandika usiku wa manane:

“Mwandishi wangu, kwa nini umemuua Nuru? Mrudishe bwana. Kitabu si bado kiko kwenye kompyuta?”

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Ana haki. Bado kiko kwenye kompyuta.

Saa 3:30 asubuhi

Mkataba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu waandishi wenzangu wengi hulisoma jambo hili limeshawauma.

Riwaya yangu ya kwanza niliisaini zama za karatasi. Mchapishaji alipoamua kuingia mtandaoni alichukua nakala ya zamani, akaipiga skani, akaiachia mashine isome herufi. Mashine ilisoma ilivyojua. Namba za kurasa zimekaa katikati ya sentensi. Neno lililokatwa mwisho wa mstari limebaki na kistari chake, kwa hiyo mhusika wangu “anam-karibisha” mgeni pasipo sababu ya kusita. Msomaji haoni mashine hapo, anaona jina langu kwenye jalada. Ndiyo maana naidai riwaya hiyo irudi kwangu.

Swali la kwanza ni kama haki za kidijitali ziliwahi kutoka mikononi mwangu. Mwaka 2001 kampuni ya Random House iliishtaki RosettaBooks huko New York, kwa sababu RosettaBooks ilikuwa ikiuza kwa njia ya kielektroniki riwaya ambazo Random House iliziona zake. Mikataba ya zamani ilitoa haki ya kuchapa na kuuza kazi “kwa umbo la kitabu”. Mahakama ilikataa kuizuia RosettaBooks, ikaona kwamba maneno hayo hayafiki kwenye kitabu pepe, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Ni sheria ya Marekani, hainifungulii mlango popote nilipo. Hata hivyo baada ya kesi ile wachapishaji walizidi kuwa makini, na mikataba ya leo hutaja kila kitu: kielektroniki, sauti, na “njia yoyote itakayobuniwa baadaye”. Maneno hayo manne ya mwisho yasomeni mara mbili kabla ya kusaini.

Swali la pili ndilo gumu. Mikataba ya kale ilisema kitabu kikiisha ghalani na mchapishaji asipokichapa upya ndani ya muda fulani baada ya kuarifiwa, haki zinarudi kwa mwandishi. Ghala lilikuwa rafiki yetu, kwa sababu lilikuwa na mwisho. Faili halina mwisho. Nakala moja iliyolala kwenye seva inatosha mtu kudai kwamba kitabu “bado kipo sokoni”, na anaweza kudai hivyo hadi wajukuu.

Nampigia ofisa wa haki wa mchapishaji.

“Kitabu kinapatikana,” ananiambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kujibu hivyo mara nyingi.

“Kinapatikana, ndugu yangu. Kinauzwa?”

Kimya. Namsikia akibofya.

Tunakubaliana nimwandikie rasmi. Barua naiandika papo hapo: mauzo yakishuka chini ya idadi tutakayopatana kwa mwaka mzima, kitabu kihesabiwe kimetoka sokoni, hata kama faili liko palepale. Kifungu cha namna hii si cha ajabu tena, vyama vya waandishi vimekuwa vikikipigania kwa miaka. Kama unasaini mkataba mwezi huu, dai idadi, usikubali neno “kupatikana” peke yake.

Saa 5:40 asubuhi

Sasa faili la Nuru. Wengi hudhani kitabu pepe ni mswada uliobadilishwa jina la mwisho. Faili la EPUB kwa kweli ni mkoba uliobanwa, na ndani yake mna kurasa kama za tovuti: maandishi, maelezo ya mtindo, picha, na orodha inayoambia kifaa kipi kitangulie. Ukiufungua utaona kila uchafu wako. Mimi zamani nilikuwa nikipiga mwanya mara tano kuanza aya; kwenye karatasi hakuna aliyejua.

Vichwa vya sura navipa alama ya kichwa, sivikuzi herufi tu. Kwa macho ni kilekile. Kwa msomaji asiyeona, anayesomewa na programu ya sauti, tofauti ni kuruka moja kwa moja hadi sura ya saba au kusikiliza kitabu kizima upya akiitafuta. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ulihusu haki ya watu wenye ulemavu wa kuona kupata nakala za vitabu wanazoweza kuzisoma, na tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu pepe vinavyouzwa huko vifikike kwao. Kwangu sababu ni nyepesi zaidi: ni wasomaji, na huwa wanamaliza vitabu.

Kilichonichelewesha ni ukurasa mtupu.

Katika riwaya ya kwanza, baada ya kifo, niliacha ukurasa mmoja mweupe. Mchapaji alilalamikia karatasi, mhariri wangu akanitetea. Msomaji alifunua, hakukuta kitu, akafunua tena. Nilitaka Nuru apewe heshima ileile. Kwenye simu haiwezekani. Hakuna ukurasa: msomaji huyu amekuza herufi, yule amezipunguza, maandishi yanatiririka kujaza kioo chochote kilichopo. Nikilazimisha nafasi tupu, kifaa kimoja kinaifuta, kingine kinaonyesha weupe na msomaji anadhani simu imekwama. Nimejaribu nyota tatu katikati. Zinafanana na mapambo ya kadi ya harusi. Mwishowe nimeipa sentensi moja sura yake nzima, na sentensi yenyewe haimtaji Nuru. Inasema mtu fulani amefunga dirisha. Vifaa vingi huanza sura mpya juu ya kioo kipya, na weupe unaobaki chini yake nimeupata bure.

Sitasema ni bora kuliko ukurasa mtupu. Ni tofauti, na nisingeiandika kama karatasi ingeniruhusu uvivu wangu.

Saa 7:30 mchana

Napumzika. Nasoma kitabu cha mtu mwingine, cha karatasi, kwa sababu macho yamechoka na mwanga.

Saa 8:45 mchana

Jalada. Mchoraji amenitumia picha nzuri ya nyumba yenye madirisha mengi. Naipunguza mpaka ilingane na ukucha wa kidole gumba, kwa kuwa hapo ndipo msomaji atakapokutana nayo kwanza, katikati ya majalada mengine ishirini. Madirisha yametoweka, jina langu limekuwa ukungu. Namwomba abakishe dirisha moja. Hajafurahi, namwelewa.

Baada ya hapo fomu. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, yenye tarakimu 13, na ya kitabu pepe haiwi ile ya karatasi, kila umbo na namba yake. Muhtasari. Maneno ya kutafutia, nafasi saba kwenye Kindle Direct Publishing, mtambo wa Amazon wa kujichapishia, na hapo ndipo riwaya iliyokula miaka yako inageuzwa kuwa “familia”, “mirathi”, “siri”. Halafu swali lililoongezwa Septemba 2023: je, maandishi au picha vimetengenezwa na akili bandia? Mwezi huohuo waliweka kikomo cha vitabu vipya vitatu kwa siku kwa kila akaunti. Vitatu! Mimi nimegombana na dirisha moja tangu asubuhi.

Bei nayo. Huko, katika masoko wanayoyataja wenyewe, ukipanga kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kuchukua asilimia 70, ukitoa gharama ndogo ya kusafirisha faili. Nje ya hapo ni 35. Mchapishaji mkubwa kwa kawaida hutoa robo ya anachopokea kwa kitabu pepe. Hesabu inavutia mpaka ukumbuke kwamba mhariri, mchoraji na msahihishaji sasa nawalipa mimi.

Saa 11:00 jioni

Kijana anayeandika riwaya yake ya kwanza ananipigia kuuliza kama aachane kabisa na karatasi. Namwambia hapana. Kuna mitambo inayochapa nakala moja mteja anapoiagiza, halihitajiki ghala. Namkumbusha pia Julai 2009, Amazon ilipofuta riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Walirudishiwa fedha na kampuni ikaomba radhi. Lakini hakuna muuza vitabu aliyewahi kuingia nyumbani kwa mtu usiku kuchukua kitabu rafuni.

“Kwa hiyo kidijitali ni kibaya?”

“Ndiko ninakolipwa,” nikamwambia. “Chapa nakala chache, uwape watu ambao hawatakupa wewe nafasi ya kuzibadilisha.”

Saa 1:20 usiku

Namjibu msomaji wa Nuru. Nimelizunguka jibu hili siku nzima kwa sababu ombi lake linatekelezeka. Nikitaka, kesho Nuru anafungua macho, napakia faili jipya, jina lilelile, jalada lilelile. Aliyesoma jana atabaki na maiti, atakayenunua keshokutwa atapata harusi, na wakikutana kila mmoja atamwona mwenzake mwongo. Kesho kutwa atakuja mwingine akitaka mume wa Nuru afe badala yake.

Karatasi ilikuwa ikinikataza, nikaita ukatazaji huo uadilifu. Sasa lazima nijikataze mwenyewe. Namwandikia kwamba herufi iliyokosewa nitairekebisha siku yoyote, ila Nuru amekufa na atabaki amekufa.

Ukurasa wa mwisho wa faili naandika “Toleo la kwanza” na tarehe ya leo. Nabofya kuchapisha. Mtambo unanijibu kwamba ukaguzi unaweza kuchukua hadi saa 72. Hakuna sherehe, hakuna boksi la nakala za mwandishi, hakuna harufu ya wino ya kujidai nayo.

Saa 3:05 usiku

Msomaji amejibu: “Sawa. Umenishinda. Basi mama yake je? Alikuwa akijua tangu mwanzo, au ndiye aliyefunga lile dirisha?”

Jambo ni kwamba sentensi ya dirisha hajaisoma mtu. Nimeiandika leo asubuhi. Katika vipande alivyosoma yeye, dirisha limetajwa mara moja tu, mbali sana huko sura ya pili, likiwa wazi. Nimefungua faili kumtafuta mama wa Nuru. Anaingia, anatoka, anaitwa “mama” riwaya nzima, sikuwahi kumpa jina. Daftari ninalo hapa, nimeshaandika matatu na nimeyafuta mawili.