Ukuta wa Dari: Tafakari ya Juma (Kumbukumbu la Torati 22:8)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mstari wetu wa juma hili ni mfupi, umebanwa kati ya amri ya kiota cha ndege na amri ya mbegu za shamba la mizabibu, na sikumbuki kuusikia ukihubiriwa Jumapili yoyote. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aizungushie ukuta dari yake, yaani paa lake la bapa, asije mtu akaanguka kutoka huko na damu ikawa juu ya nyumba ile.

Watu wa Dodoma hatuhitaji kuchorewa picha. Waliokulia kwenye tembe wanalijua paa la udongo lililolala bapa, uwele umeanikwa juu, watoto wamepanda kufukuza ndege na bibi anawapigia kelele washuke kabla hawajalitoboa. Tembe ni fupi, ukianguka unajikung'uta vumbi. Dari za Israeli zilikuwa juu zaidi, na watu walizitumia kama sebule.

Kinachonishika katika agizo hili ni wakati wake. Ukuta unajengwa pamoja na nyumba, kabla hajaanguka mtu. Sisi tumezoea kuzika kwanza, tume ikaundwa, ripoti ikasomwa, ndipo ukuta ukajengwa.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa. Walikufa watu 269. Wakati huo Marekani ilikuwa tayari inarusha satelaiti za GPS, mfumo wa kujua mahali ulipo, kwa ajili ya jeshi lake, ya kwanza ikiwa imepanda mwaka 1978. Baada ya msiba ule Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo ukikamilika raia wa dunia nzima watautumia bure. Leo satelaiti hizo, zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu, ndizo zinazomwelekeza kijana wa bodaboda Nkuhungu, na ndizo zinazokiwezesha kile kifaa cha kwenye mabasi ya mikoani kujua kwamba dereva amevuka kilomita 80 kwa saa. Kitu kilichozaliwa kwa hofu ya vita kimekuwa mlinzi wa msafiri. Isaya 2:4 inasema watu watafua panga zao ziwe majembe, na hapa tumeonjeshwa kidogo.

Lakini tunakipokeaje? Mmetoka Dar, mmeshaipita Morogoro, kifaa kinalia pii-pii, na sauti inatoka siti za nyuma: "Suka, kanyaga bwana, tutalala Gairo!" Ukigeuka kumtazama msemaji unaweza kukuta ni mzee wa kanisa. Na wapo madereva wanaochezea nyaya ili kelele iishe. Huko ni kubomoa ukuta ukiwa umekaa juu ya dari.

Reli nayo ina la kutuambia. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi hapa kwetu, ikifika kilomita 160 kwa saa, na mimi namshukuru Mungu kwa hiyo kila ninapopanda. Moja ya stesheni zake inaitwa Igandu. Vijana wanaopiga picha dirishani pengine hawajui kwamba eneo hilo, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ya reli ya zamani ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kushikwa na breki mlimani, ikarudi kinyumenyume kwa kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Waliokufa ni 281. Familia nyingi za mkoa huu bado zina jina la mtu wa siku ile.

Kwenye misiba yetu tunasema kazi ya Mungu haina makosa, na ni kweli, haina. Ila tukiitamka juu ya jeneza la mtu aliyeuawa na breki, tunamtwika Mungu kazi ambayo si yake. Zaburi 127 inatuambia BWANA asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure. Haikumwambia mlinzi akalale.

Yupo mtu mmoja ambaye nimemfikiria sana nikisoma mstari huu. Anaitwa Bob Ebeling, mhandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger. Januari 1986 usiku wa kuamkia safari, baridi kali ilitabiriwa kule Florida. Ebeling na wenzake walijua kwamba mipira ya kuzibia maungio ya roketi, ile mafundi wetu wanayoiita oringi, hukakamaa kwenye baridi na kushindwa kuziba. Wakashauri chombo kisiruke chini ya nyuzi joto 12. Wakuu wakawasikiliza, wakapima na ratiba, wakaamua kiruke. Ebeling alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kitalipuka. Asubuhi ya tarehe 28, sekunde 73 baada ya kupaa, kikasambaratika mbele ya macho ya dunia, na watu saba waliokuwamo, mmoja wao mwalimu wa shule, wakafa.

Ebeling alijilaumu miaka 30. Mapema mwaka 2016, akiwa mzee wa miaka 89, alisema redioni kwamba anadhani Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Wasikilizaji wakamwandikia barua kwa mamia kumfariji, na Machi mwaka huohuo akafariki. Ningepata nafasi ningemsomea Ezekieli 33. Mlinzi aliyeuona upanga ukija akapiga tarumbeta, damu haidaiwi mkononi mwake. Yeye alipiga. Waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha safari ndio walioziba masikio.

Siku hizi dari imepanda juu zaidi, na hatari si ya aliye juu peke yake. Tarehe 30 Desemba 2024, majirani zetu wa kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, waliangukiwa na pete ya chuma ya kilo 500 hivi, kipenyo kama mita mbili na nusu. Wakala wa anga wa nchi hiyo ukaeleza kwamba ni kipande cha roketi, cha aina inayotakiwa kuungua njiani au kutua baharini. Kwa rehema hakuumia mtu. Watu wa Mukuku hawakujenga dari ile, wala hawakuipanda.

Haki isemwe, mara moja mataifa yaliwahi. Mwaka 1967 yalisaini mkataba unaokataza kuweka silaha za nyuklia angani, kabla mji wowote haujapigwa kutoka huko. Huo ulikuwa ukuta wa siku ya ujenzi. Haukutosha. Mkataba ule haukuzuia kutungua satelaiti kwa kombora la kutoka ardhini, na Novemba 2021 Urusi ilivunja satelaiti yake ya zamani, vikapatikana vipande zaidi ya 1,500, hata wanaanga waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa, Warusi wakiwemo, wakalazimika kujificha ndani ya vyombo vyao. Ndege zisizo na rubani zinakwenda njia hiyohiyo. Rwanda zimepeleka damu hospitalini tangu 2016, na Ukraine na Sudan zinaua.

Naandika haya kwa sababu wengi wenu mnashinda Mtumba, kwenye ofisi za Serikali. Vibali, zabuni na ripoti za ukaguzi zinapita mezani kwenu, na siku moja itakuja karatasi ya fundi mdogo asiye na cheo inayosema "bado", wakati tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa na mahema yameshakodiwa. Mpendwa, isome mpaka ukurasa wa mwisho. Na kama wewe ndiye fundi mdogo, iandike, uweke sahihi na ubaki na nakala.

Tuwaombee wanaokagua reli usiku kati ya Kilosa na Igandu, madereva wa mabasi, na wanaokaa sasa hivi kujadili silaha zinazochagua shabaha zenyewe. Watakaokutana kwenye ibada za nyumba kwa nyumba wasome pia Ezekieli 33:1-9, halafu kila mmoja ataje dari moja aliyoijenga yeye.