Joka la kupandwa katika anga la Ugogo

Ukiandika hadithi ya joka linalobeba mtu, anza na uzito. Tandawala mkubwa, miongoni mwa ndege wazito zaidi wanaoruka, hufika kilo 18 hivi, na hata yeye hupendelea kutembea. Kwa hiyo mpandaji awe mwepesi, na joka lisirushwe alfajiri. Dodoma, katika Ugogo, nchi ya Wagogo, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, haibebi vizuri. Ardhi ikishapata joto, kama saa nne asubuhi, hewa moto hupanda na kulinyanyua bila kupiga mabawa sana. Tumbusi wanalijua hilo, ndiyo maana hawana haraka ya kuamka.

Tandiko ndilo linaloharibu hadithi nyingi. Likae mwanzo wa shingo, mbele ya mabawa. Mkanda ukikazwa kifuani unabana misuli ya kurukia pamoja na pumzi. Joka litatua hoi kabla ya kufika Bahi, magharibi mwa Dodoma.

Na mapenzi ya joka kwa mpandaji wake? Kinda la bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza linayemwona akitembea, ndani ya siku moja au mbili tangu kuanguliwa. Basi mpandaji awepo yai likipasuka. Akichelewa wiki, hata umpe joka beberu mzima, atabaki mgeni kwake.